Kuku wa Bibi Singida na fimbo nilizomchapa mwanangu bure

Tulifika kwa mama mkwe wangu jua likizama, miguu imevimba kwa safari na vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Watoto walimkimbilia bibi yao wakampa shikamoo kwa pamoja. Akaitikia marahaba, lakini macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa kwenye mlango wa banda la kuku, na midomo yake ilikuwa inacheza taratibu. Alikuwa anahesabu.

"Thelathini na saba," alisema. "Mmoja hajaingia."

Ndipo akatugeukia na kutupokea vizuri, mmoja baada ya mwingine.

Pembeni alisimama mjukuu wake mwingine, binti wa miaka 10 anayeishi naye. Kazi ya binti huyo ni kufungulia kuku asubuhi na kuwafungia jioni. Nilimtazama kwa huruma. Nyumbani kwangu Dar es Salaam, kuku akikosekana swali la kwanza ni "Nani alifunga banda?" na baada ya swali hufuata kilio. Hapa bibi alisema tu: "Mjukuu wangu, lete tochi tukaangalie."

Mwanangu wa pili, mwenye miaka 12, aliyasikia maneno hayo. Aliniangalia mara moja, kisha akainamisha kichwa. Nilijua anachofikiria.

Asubuhi ya kuku 11

Sisi tunaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako nyuma ya nyumba bado kuna nafasi ya banda. Tulikuwa na kuku 19 wa kienyeji, na bata wanne waliokuwa na kibanda chao peke yao. Mayai tulikula, mengine tuliuza kwa majirani, na hela yake ilisaidia madaftari na nauli za shule. Mtoto huyu alipofanya vizuri mtihani wa kumaliza darasa la tano, baba yake alimpa mtetea mwekundu awe wake mwenyewe. Alimtunza kama rafiki. Kazi ya kufunga banda kila magharibi ikawa yake.

Asubuhi moja mwezi wa tano nilitoka na ndoo ya maji nikakuta mlango umeachia na komeo linaning'inia. Ndani kulikuwa na mizoga 11. Ilikuwa imetapakaa kila kona, shingo zimetobolewa, na karibu yote ilikuwa mizima, haijaliwa. Mtetea mwekundu alikuwa miongoni mwao.

Sikuuliza mara mbili. Komeo lilikuwa wazi na mwenye kazi ya kufunga alijulikana. "Mama, nilifunga," alisema. Nikamwambia asiongeze uongo juu ya uzembe. Nilimchapa fimbo tatu, naye hajamaliza kumlilia kuku wake.

Tangu siku ile hakusogelea banda. Ukimtuma mayai, alimtuma mdogo wake. Hakuwa na jeuri, alinyamaza tu. Mzazi mwenzangu, ukimya wa mtoto wa miaka 12 ni mzito kuliko jeuri.

Njia ya kwenda kwa bibi

Likizo ya Juni baba watoto akasema twende kwao Singida, watoto wamwone bibi yao. Tulipanda treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha tukachukua basi kwa kilomita zipatazo 240 zilizobaki. Unapita mashamba ya mpunga ya Bahi, barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, halafu Ikungi, na hapo upepo unaanza kukuambia umefika. Singida ina upepo wa kweli. Mwezi wa sita unapuliza baridi kavu inayopasua midomo, na watoto wa Dar waliokuja na kaptula wanajuta.

Mji wenyewe umekaa kati ya majabali makubwa na maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai. Mashamba mengi ni ya alizeti, na wakati huo yalikuwa yamebaki mashina makavu yanayosubiri kukatwa. Stendi utaona matenga ya kuku yakipakiwa kwenye magari ya kwenda pwani. Aliyezoea kula kuku wa kienyeji mjini anazijua sifa za kuku wa Singida. Sisi tulikuwa tunakwenda wanakotoka.

Kijiji cha bibi kiko nje ya mji, mwendo wa bodaboda. Nyumba ni ya bati, ua ni wa miiba, na katikati ya uwanja kuna mwarobaini mkubwa. Chini ya mwarobaini ndiko nilikojifunza haya ninayokuandikia.

Kila ndege na kazi yake

Mama mkwe hafugi aina moja. Ana kuku wa kila namna: kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja, majogoo mawili marefu ya kuchi, na wale wa rangirangi ambao hawana jina. Ana bata sita na kanga tisa. Nilidhani ni mkusanyiko tu wa mzee anayependa mifugo. Kumbe kila mmoja ana kazi.

Kanga ndio walinzi. Jioni hupanda mwarobaini wakalala juu, na kikipita kitu wasichokijua, usiku au mchana, hupiga kelele mpaka mtu atoke. Bibi anasema mbwa wake huamshwa na kanga. Lakini kanga ni mama mzembe, hutaga kichakani na vifaranga wake hufa kwa umande wa asubuhi. Kwa hiyo mayai yake huatamishwa na kuku. Yai la kanga hukaa siku 28 na la kuku siku 21, basi bibi huweka ya kanga kwanza, kisha wiki moja baadaye huongeza ya kuku, yote yaanguliwe pamoja. Hakwenda shule, lakini hesabu hiyo hajawahi kuikosea.

Bata hulala banda lao. Bata humwaga maji na kulowesha sakafu, na unyevu huwaletea kuku mafua. Dume la bata pia likikosa majike ya kulitosha husumbua kuku na kuwaumiza. Mchana wote huchakura pamoja uwanjani, jioni kila mmoja anakwenda kwake. Majogoo hayazidi moja kwa mitetea kumi hivi, maana yakizidi yatagombana na majike yatabaki bila manyoya mgongoni.

"Ukiwachanganya," bibi alisema, "lazima umjue kila mtu tabia yake. Kama wake wenza."

Swali aliloulizwa mwanangu

Usiku ule wa kwanza tochi haikumpata kuku aliyepotea. Bibi alizunguka uwanja, akaangalia chini ya ua, akaangalia kama kuna manyoya. Hakuna. "Kama angekamatwa tungeona kitu," alisema, akarudi jikoni.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tumekaa karibu na moto. Baba watoto ndiye aliyeanza kumsimulia mama yake kuhusu kuku wetu 11. Alipofika kwenye komeo nilitamani aishie hapo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu hakuniuliza mimi wala mwanawe. Alimgeukia mjukuu wake, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kiume.

"Mume wangu, hao kuku ulikuwa unawafuga wewe. Uliwakutaje?"

Mtoto alikaa kimya kidogo. "Waling'atwa shingoni, Bibi."

"Walikuwa wameliwa?"

"Hapana. Mmoja tu, kichwa."

"Manyoya yalikuwepo nje ya banda?"

"Hapana. Wote walikuwa ndani."

Bibi akasukuma ukuni motoni. "Huyo ni kicheche. Mlango haumhusu. Panapopita ngumi ya mtoto, yeye anapita."

Hakuniangalia, na wala hakuhitaji kuniangalia. Ugali ulinikwama kooni.

Kila adui huacha alama yake

Siku zilizofuata bibi alimchukua mjukuu wake kila asubuhi wakazunguka mabanda, na mimi niliwafuata nyuma nikijifanya nafagia. Somo lake lilikuwa moja: kabla ya kuuliza mtu, uliza banda. Kila adui huacha alama yake.

Kicheche huja usiku. Ni mdogo, huingia kwenye tundu dogo, na kuku wakianza kurukaruka hovyo huua mmoja baada ya mwingine hata kama hawezi kuwala. Hung'ata shingo na kichwa, mizoga huiacha palepale. Mbwa naye huweza kuua wengi, lakini huwararua na manyoya hutapakaa uwanja mzima.

Mwewe huja mchana kweupe, huchukua kifaranga mmoja na kuondoka naye. Huoni damu, unaona tu mama kuku anapiga kelele na hesabu imepungua. Sisi wa Dar tuna kunguru pia, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kutoka India na leo wametapakaa pwani yote. Kunguru hufanya kazi ya mwewe, tena kwa ushirikiano, mmoja anamchokoza mama na mwingine anabeba kifaranga.

Nyoka humeza yai zima, huoni hata ganda. Ukikuta kifaranga mkubwa amekufa na kichwa chake kimelowa kama kimelambwa, kuna nyoka aliyejaribu kummeza akashindwa. Kenge naye huja mchana kutafuta mayai na vifaranga. Nguchiro hutembea kundi zima, na yai hulipigiza kwenye jiwe, kwa hiyo utakuta maganda karibu na mawe. Panya huvuta vifaranga wa siku chache na kuwaingiza shimoni.

"Na mtu, Bibi?" mwanangu aliuliza.

"Mtu huchukua jogoo mkubwa na mitetea mizuri. Haachi manyoya, na kanga wakipiga kelele anakimbia."

Kuku wa thelathini na nane

Asubuhi ya pili watoto walitaka kwenda kumtafuta kuku aliyepotea kwenye mashina ya alizeti. Bibi akawakataza. "Msimtafute, mtamtisha. Akiwa hai ataletwa na njaa. Kaeni kimya, akija kula mumfuate kwa mbali."

Wenzake walichoka baada ya robo saa wakaenda kucheza. Mwanangu alibaki amekaa kwenye kinu kilicholazwa, amejifunika shuka kwa ajili ya baridi. Kabla ya saa tatu kuku mmoja alitokea mbio kichakani, manyoya yamemsimama, akala mtama kwa pupa, akanywa maji, akaanza kurudi alikotoka. Mtoto akamfuata polepole, akisimama kila kuku aliposimama.

Alirudi anakimbia. "Bibi! Mama! Anaatamia! Ana mayai 14!"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita "Mama" kwa furaha tangu mwezi wa tano.

Kuku yule alikuwa amejificha chini ya lundo la mabua, mahali pazuri kwa kuku na pazuri zaidi kwa nyoka na kicheche. Bibi hakumgusa mchana ule. Giza lilipoingia alimfunika kwa kanga ya kuvaa, akamwinua taratibu, na mwanangu akayabeba mayai kwenye kikapu chenye majani makavu. Walimhamishia kwenye kona ya stoo, wakafunga mlango. Kuku ukimhamisha usiku hutulia, ukimhamisha mchana anaweza kuyasusa mayai yake. Asubuhi tulimkuta amekaa vilevile, anatuangalia kwa hasira.

Binti wa miaka 10 mwenye kazi ya kufunga banda hakuulizwa kitu. Hakukuwa na cha kuulizwa.

Tuliporudi Chanika

Tulifika nyumbani usiku. Kesho yake kabla ya chai nilimwambia mwanangu, "Twende bandani." Alisita, akaja.

Tulianza na mlango. Komeo letu lilikuwa kibao kinachozunguka kwenye msumari. Alilifunga, akaniambia niangalie, kisha akaupiga mlango kwa kiganja kama kuku wanaourukia kwa hofu. Pigo la kwanza kibao kilitetemeka. La tatu kikaanguka chini na mlango ukaachia, vilevile kama nilivyoukuta asubuhi ile.

Halafu tukazunguka nyuma. Kwenye kona, chini ya mabanzi, nyuma ya gunia la pumba tuliloliegemeza hapo, kulikuwa na tundu. Ukingo wake ulikuwa laini, umesuguliwa, na manyoya machache ya mnyama, meusi na meupe, yalikuwa yamenasa kwenye ubao. Mwanangu alikunja ngumi akaipitisha. Ilipita.

Hakusema "Nilikuambia." Ingekuwa rahisi kwangu kama angesema. Nilipiga magoti palepale kwenye mavi ya kuku nikamwambia nilikosea, kwamba alifunga banda na mimi sikumwamini, na kwamba nilimchapa siku aliyompoteza kuku wake. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Tuzibe na mawe, Mama. Bibi alisema mawe."

Tulivyolijenga upya banda

Haya ndiyo tuliyofanya, nawe unaweza kuyafanya hata kama una kuku watano tu.

Tulichimba mfereji wa kina cha futi moja kuzunguka banda, tukajaza mawe na kuyashindilia, ili anayechimba akutane nayo. Madirisha tuliyawekea wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi. Wavu wa kuku wa kawaida humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii nyoka mdogo wala panya kuingia. Komeo tulibadilisha, sasa ni la chuma lenye kufuli. Kila ufa unaopitisha ngumi ya mtoto tuliuziba, na ule unaopitisha vidole viwili pia.

Nyasi tulizifyeka hatua kadhaa kuzunguka banda. Mabaki ya chakula hayalali nje, maana huita panya, na panya huita nyoka. Mayai huokotwa mara mbili kwa siku. Vifaranga hukaa na mama yao chini ya tenga mpaka wafikishe mwezi na zaidi, na kuna kichaka kimoja tulichokiacha makusudi uwanjani ili wakubwa wajifiche mwewe anapopita.

Sumu hatutegi. Jirani alitushauri tuweke nyama yenye dawa ya panya. Lakini sumu haichagui. Itamuua paka wa jirani, mbwa, hata kuku mwenyewe, na penye watoto wadogo ni hatari isiyostahili kuku yeyote.

Jambo jingine bibi alilisisitiza: pamoja na wanyama wote hawa, adui anayefagia banda zima ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Huo hauzuiwi na mawe. Yeye huchanja kuku wake wote kila baada ya miezi mitatu, kwa tone moja la jicho, dawa akiipata kwa mtaalamu wa mifugo. Ulizia ofisi ya kata yako.

Wiki mbili baada ya kurudi, tenga dogo lilikuja na basi kutoka Singida: mtetea mmoja kishingo na kanga wawili. Tuliwatenga na wenzao kwa wiki mbili kwanza, wasije na ugonjwa. Na kama wahenga walivyosema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtetea alipotoka kutengwa alifungwa kamba kwa siku chache mpaka akajua kwake ni wapi. Kanga wana kelele, nilikwenda kuwaomba radhi majirani mapema. Mmoja alicheka akasema bora kanga kuliko wezi.

Mtetea yule ni wa mwanangu. Bibi aliagiza hivyo kwa simu, na akaagiza pia jambo moja kwangu: "Mwanangu, kufunga banda ni kazi ya mtoto. Kuhesabu ni kazi yako na yeye, pamoja."

Jana nilichelewa kutoka kazini kwa sababu ya foleni. Giza lilikuwa limeingia nilipofungua geti. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na tochi, ananisubiri, hajafunga bado.

"Kuku tisa, bata wanne, kanga wawili," alisema. "Hesabu na wewe, Mama."

Nikahesabu. Kumi na tano, wote wamo. Akafunga.